Ngoma Ndogo ya Kushoto

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, siku ya Jumamosi, unga mweupe wa chaki ulichekechwa juu ya ngoma kumi na mbili zilizopangwa katikati ya barabara. Wapigaji walikuwa sita, kila mmoja na ngoma mbili: kubwa upande wa kulia, ndogo upande wa kushoto. Barabara ilikuwa imefungwa kwa kamba tangu asubuhi kwa ajili ya tamasha la mtaa, na watu walijaa pande zote mbili hadi kwenye vibaraza vya maduka.

Mchoraji alisimama kwenye ngazi ya tatu ya duka la dawa, hatua kumi na moja kutoka kwenye ngoma. Alikuwa na ubao mdogo, karatasi zilizobanwa juu yake, na penseli tatu. Simu yake ilikuwa ndani ya mkoba, imezimwa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amefuata kanuni moja: hachori asichokiona kwa macho yake. Watu waliomwendea awachoree marehemu baba zao kwa kusimuliwa tu, aliwarudisha nyumbani. Fundi vioo aliyempangisha chumba cha nyuma ya duka lake alisema kanuni hiyo ndiyo inayomlisha mkate mkavu. Mchoraji alimjibu kwamba mkate mkavu angalau unaonekana.

Unga ulikuwa utaratibu wa kiongozi wa kikundi, aliyeitwa Kapteni. Hakuwahi kuwa mwanajeshi; jina alilipata alipokuwa nahodha wa timu ya mpira shuleni, na hakulirudisha. Alisema ngoma ikipigwa unga huruka, na hivyo hata aliye mbali huona ni nani anafanya kazi. Kila onyesho lilipokwisha alipita nyuma ya mstari akikagua ngozi moja moja. Aliyekutwa na ngozi ambayo unga wake ulikuwa umelala alitoka kwenye mstari siku hiyohiyo. Onyo halikuwepo. Katika miaka sita walikuwa wametolewa watatu, na mmoja wao alikuwa mtoto wa dada yake Kapteni.

Kwenye kiti cha kwanza alikaa kaka yake mchoraji, mtu wa miaka hamsini na miwili, aliyeitwa Radi. Siku za kazi alipakia marobota katika ghala la nguo, na ghalani aliitwa kwa namba ya zamu. Kiti cha kwanza alikuwa amekikalia tangu kikundi kianze, miaka ishirini na miwili. Mtaani kwake watoto walipiga makopo wakimwigiza, na wenye maduka walimsalimu kwa jina hilo la ngoma. Nje ya kiti kile hapakuwa na mahali ambapo mtu alimwita Radi.

Saa tisa na nusu Kapteni alipuliza filimbi. Alisimama mbele, uso kwa watazamaji, mgongo kwa wapigaji, kwa sababu watazamaji walikuwa wakimtazama yeye. Mchoraji alianza na mpigaji wa sita na kurudi nyuma mmoja mmoja. Katika dakika ya kumi na nne alifika kwa kaka yake. Kwenye karatasi ya tisa, pembeni mwa mchoro, aliandika: *Kulia, unga juu, urefu wa kiganja. Kushoto, unga umelala.* Kisha akafungua karatasi ya kumi.

Onyesho lilikwisha katika dakika ya ishirini na sita. Wapigaji waliinua mikono. Radi aliposhusha wa kwake alipitisha kiwiko cha shati juu ya ngoma ndogo, kama mtu anayejipangusa, akauvuruga unga. Mchoraji alikuwa ameinama akichonga penseli. Kapteni alipopita nyuma ya mstari, ngozi zote kumi na mbili zilikuwa zimevurugika, naye akampiga Radi bega.

"Simba wangu," alisema.

*

Picha iliagizwa na maktaba ya mji, kwa ukuta wa chumba cha kusomea. Ilikuwa ya kitambaa, urefu wa mita tatu na kimo cha mita moja na nusu. Makubaliano yalikuwa mawili. Kapteni angeitazama Alhamisi, kabla haijatoka kwa mchoraji. Jumamosi ingezinduliwa, na kikundi kingepiga mbele yake kwa mpangilio uleule wa kwenye picha.

Mchoraji aliifanya kwa wiki tano. Chumba chake kilinuka gundi ya vioo. Asubuhi aliandika vibao vya maduka, na kuanzia saa saba alirudi kwenye picha, karatasi zake zikiwa zimebandikwa ukutani kwa mfuatano wa dakika. Alipofika kwenye ngoma ndogo ya kaka yake alisoma karatasi ya tisa mara mbili, akachanganya rangi nyeupe na kijivu kidogo, na kuuchora unga umelala. Ngozi nyingine kumi na moja zilikuwa na wingu juu yake. Aliiona tofauti hiyo. Hakumuuliza mtu.

Wiki ya nne alikuja mke wa Radi, kuazima ngazi. Alipoiona picha alishika kiuno.

"Wifi! Mume wangu umempa tumbo la nani hilo?"

"La kwake."

"Hilo? Mimi nalala nalo miaka ishirini na tano, silijui?"

"Wewe hulioni kwa sababu unalala nalo. Mimi nilikuwa hatua kumi na moja."

"Haya, endelea kumwaibisha kaka yako. Ukimaliza naye mchore na yule bosi wao, tuone kama utathubutu kumwekea shingo ilivyo."

Walicheka wote wawili. Mke wa Radi alitazama tumbo, kizibao chekundu cha mpigaji wa kwanza na masikio. Ngoma hakuzitazama. Akabeba ngazi akaondoka.

*

Radi alikuja Jumanne, saa nne kasoro kumi asubuhi, siku mbili kabla ya ukaguzi wa Kapteni. Alikuwa zamu ya jioni. Aliingia akichekacheka, akamsalimia dada yake, akasimama mbele ya picha. Kwanza alijitafuta uso. Halafu macho yakashuka kwenye mikono, na kicheko kikakatika.

"Huu unga hapa," alisema.

"Upi?"

"Wa ngoma yangu ndogo. Mbona umelala?"

"Ulikuwa umelala."

"Nani kakwambia?"

Mchoraji alibandua karatasi ya tisa ukutani akampa. Radi aliisoma, akaigeuza nyuma, akairudisha.

"Mdogo wangu, Kapteni anakuja keshokutwa."

"Najua. Saa kumi."

"Akiona hivi, nimekwisha."

Akavuta kiti akakaa, na akamweleza. Miezi minane iliyopita robota lilimwangukia kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Mfupa uliunga vibaya. Daktari alimwambia kwamba kano inayoinua kidole gumba inasuguliwa na mfupa kila mkono unaposhtuka, kama kamba kwenye ukingo wa kisima, na siku moja itakatika. Dawa yake ilikuwa upasuaji na miezi mitatu ya kupumzisha mkono. Mtu aliyekaa nje ya mstari miezi mitatu hakuwa na kiti cha kurudia. Kwa hiyo Radi hakupasuliwa. Tangu siku hiyo mkono wake wa kushoto ulipanda na kushuka kama kawaida, ila uliishia upana wa kidole juu ya ngozi. Aliyekaa kiti cha pili, aliyeitwa Pacha kwa sababu ya kukaa ubavuni mwa Radi miaka kumi na tano, alipiga mapigo ya Radi pamoja na ya kwake.

"Miezi minane," mchoraji alisema.

"Minane na siku kadhaa."

"Na Kapteni hajasikia tofauti?"

"Yule husikia filimbi yake tu. Anachojua ni unga. Na unga naufuta mwenyewe mwishoni." Akaelekeza kidole kwenye picha. "Sasa wewe umenikamata katikati. Niwekee unga kidogo tu hapo. Ncha ya brashi, basi. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe ni dada yangu au ni karani wa mahakama?"

Mchoraji alisafisha brashi kwa kitambaa, bila haraka.

"Nisichokiona sichori, kaka. Hilo unalijua tangu zamani. Lakini nikikiona, nitachora."

"Una maana gani?"

"Lete ngoma. Piga ya kushoto, nione unga wako unavyoruka. Nitauchora leo hii hii."

Radi alikishika kifundo cha mkono wa kushoto.

"Daktari kasema mkono usishtuke."

"Basi uache ulale," mchoraji alisema, na alimaanisha unga.

*

Pacha aliileta ngoma ndogo saa tano na dakika tano, imefungwa nyuma ya baiskeli, pamoja na chekeche na mfuko wa chaki. Alipoelezwa kinachotakiwa alimgeukia mchoraji.

"Sista, unga si unga tu? Nikipiga mimi si utaruka vilevile?"

"Hapana. Mkono wako ni mfupi, unarusha mbele. Yeye anarusha pembeni. Niliwaona wote wawili tamashani mkipiga za kulia."

"Na nani atatofautisha?"

"Mimi. Kaka yangu naye kaniuliza swali hilohilo."

Radi alivua saa. Mchoraji alimkalisha kwenye kigoda, mwanga ukitoka kushoto kama ulivyokuwa barabarani, akapima hatua kumi na moja. Chumba hakikutosha. Ilibidi afungue mlango na kusimama uani, ubao mkononi. Pacha akachekecha unga.

Pigo la kwanza halikunyanyua kitu. Mchoraji alisema, "Tena." La pili na la tatu unga ulitikisika tu. Kila baada ya pigo Pacha alifuta ngozi kwa kitambaa na kuchekecha upya, kwa sababu mchoraji alitaka unga uanze ukiwa sawa.

"Unabembeleza mtoto," mchoraji alimwambia Radi baada ya pigo la saba. "Barabarani unapiga hivyo?"

"Barabarani sipigi, si nimekwambia?"

"Basi kabla ya robota. Piga kama ulivyopiga kabla ya robota."

Pigo la kumi na mbili lilikuwa zito zaidi. Radi alikunja uso, akautikisa mkono hewani. Akataka kufanya mzaha.

"Ngoma ikilia sana hupasuka, mdogo wangu."

"Ngozi ya ng'ombe hiyo. Haipasuki leo. Tena."

Kwenye pigo la ishirini na mbili aliomba maji, akapewa. Kwenye la ishirini na tatu Pacha aliacha kuchekecha.

"Sista, hii imetosha. Mwone uso."

"Uso nimeshauchora," mchoraji alisema. "Natafuta unga."

Pacha alimtazama Radi. Angeweza kuibeba ngoma na kuifunga kwenye baiskeli, hakufanya hivyo. Radi alimwambia, "Chekecha wewe, nani kakuita uwe nesi?" Akachekecha.

Pigo la thelathini na moja lilikuwa saa sita kasoro dakika nne. Unga uliinuka kama nguzo, ukapinda upande wa kushoto, ukafunguka juu. Hapohapo palisikika mlio mdogo, kama uzi unaokatwa kwa meno. Radi alitoa sauti na kuanza kuuvuta mkono.

"Usiutoe!" mchoraji alisema. "Uache hapohapo."

Akauacha. Mchoraji alichora kwa dakika nne. Unga ulikuwa umeshatua, lakini alikuwa ameuona, na alitaka pia mahali mkono ulipokuwa ili apime urefu wa nguzo. Radi alikaa mkono juu ya ngozi, jasho likimtiririka kidevuni. Kidole gumba kilikuwa kimelala kando ya kiganja. Alijaribu kukiinua. Alijaribu tena, akikitazama. Vidole vinne viliinuka.

"Hakinyanyuki," alisema.

"Namaliza."

"Mdogo wangu, nakwambia kidole hakinyanyuki."

"Nimesikia. Sasa unaweza kuutoa." Akaandika saa kwenye pembe ya karatasi. "Asante, kaka. Ndiyo hii."

Pacha alimpeleka Radi hospitali kwa miguu, akiikokota baiskeli. Mchoraji alianza kuchanganya rangi saa sita na robo. Rangi aliyotumia ilikauka kwa dakika arobaini. Saa kumi jioni ngoma ndogo ya kushoto ya mpigaji wa kwanza ilikuwa na nguzo ya unga iliyopinda, na ilikuwa ndiyo sehemu bora ya picha nzima.

*

Daktari alithibitisha kwamba kano ilikuwa imekatika. Aliufunga mkono bendeji hadi karibu na kiwiko, akapanga upasuaji wiki iliyofuata, na akaandika kwamba mkono usipige kitu chochote kwa miezi mitatu baada ya hapo. Kama kidole kingeinuka tena vizuri, hakuahidi.

Jumatano asubuhi mke wa Radi aliirudisha ngazi. Aliiegemeza ukutani, kisha hakuondoka.

"Wifi, hata mchinjaji humpa mbuzi maji."

"Nilimpa. Glasi mbili."

"Mtoto wa mama mmoja na wewe. Ziwa moja mmenyonya."

"Alikuja mwenyewe, wifi. Alitaka unga uruke. Umeruka, njoo uone."

Mke wa Radi hakwenda kuona. Alisema neno moja ambalo fundi vioo, aliyekuwa upande wa pili wa ukuta, alilisikia na baadaye hakukubali kulirudia.

Alhamisi, saa kumi kamili, Kapteni alifika. Alikaa mbele ya picha dakika kumi na saba. Katika dakika hizo alizungumzia shingo yake, ambayo aliiona fupi. Filimbi yake, ambayo alitaka ing'ae zaidi. Na viatu vyake, ambavyo aliuliza kwa nini vimefichwa na mguu wa mtazamaji. Mchoraji alijibu kwamba mtazamaji alikuwa amesimama hapo. Kwenye ngoma Kapteni hakutazama hata mara moja. Alipoinuka alipitisha mkono hewani kuelekea upande wa wapigaji.

"Na hawa wapo. Vizuri."

Mchoraji alimtazama, kisha akaitazama ngoma ndogo ya kushoto.

"Unga hukuukagua," alisema.

"Unga wa rangi?" Kapteni alicheka. "Binti, mimi nakagua ngozi, sikagui vitambaa." Akafika mlangoni, akageuka. "Radi simuoni mazoezini tangu juzi. Jumamosi yuko tayari?"

"Hapana. Kano ya mkono wa kushoto imekatika."

"Lini?"

"Juzi. Saa sita kasoro dakika nne."

"Mbona unajua hadi dakika?"

"Ilikatikia hapa."

Kapteni alirudi akakaa. Aliuliza swali baada ya swali, na mchoraji alijibu kila moja kama lilivyoulizwa. Radi alikuwa anafanya nini hapa? Alikuwa anapiga ngoma ndogo. Kwa nini? Ili aonwe akipiga. Kwani kwenye tamasha hakuonwa akipiga? Hapana, unga wa kushoto ulikuwa umelala. Tangu lini? Miezi minane na siku kadhaa, kwa maneno yake mwenyewe. Na sauti ilitoka wapi? Kwa Pacha. Angeweza kusema hajui. Kapteni asingekuwa na mtu mwingine wa kumuuliza siku hiyo.

"Miezi minane," Kapteni alisema. Hakupandisha sauti. "Na mimi nikimpiga bega. Simba wangu."

*

Jumamosi, saa nne na nusu asubuhi, chumba cha kusomea kilikuwa kimejaa. Meza zilisukumwa pembeni. Picha ilikuwa ukutani chini ya shuka jeupe, na mbele yake zilipangwa ngoma kumi na mbili. Wapigaji watano walikuwa wamesimama. Radi alikuja na mke wake, amevaa kizibao chekundu, mkono wa kushoto umening'inizwa kwa kitambaa shingoni. Alikuwa ameambiwa tu kwamba aje na kizibao.

Kapteni alimngoja katikati ya chumba ambapo kila mtu angesikia.

"Karibu, bwana mkubwa. Habari ya mkono?"

"Unaendelea, Kapteni. Daktari anasema..."

"Daktari nakuachia wewe. Nionyeshe kidole."

"Kimefungwa."

"Kabla hakijafungwa kilikuwa kinafanya nini? Kilikuwa kinapunga upepo. Miezi minane tunatembea na feni, hatujui!" Baadhi ya watu walicheka, bila kujua wanacheka nini. "Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Cha kwako kimevunja miaka ishirini na miwili. Vua."

"Kapteni, nisikilize kidogo tu, nje."

"Nje umekaa miezi minane. Vua kizibao."

Vifungo vilikuwa vitano. Radi alifungua viwili kwa mkono wa kulia, na mke wake akafungua vitatu vilivyobaki, kisha akakipitisha kizibao juu ya bendeji. Kapteni alikipokea, akakikung'uta, akamtupia Pacha.

"Wewe umepiga za watu wawili. Kiti ni chako. Na ukinidanganya tena, nitakutoa wewe na baiskeli yako."

Pacha alikishika kizibao. Alimtazama Radi, na Radi akamtazama. Pacha alikivaa. Kilimpwaya mabegani. Akakaa kwenye kiti cha kwanza.

Saa tano na dakika nne shuka lilivutwa. Watu walipiga makofi. Mkutubi, mwanamke mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, alisogea karibu na picha na kuwaita wenzake wauone unga wa ngoma ya mwisho kushoto. Alisema unaruka kweli, mtu anaweza kupiga chafya. Kikundi kilipiga kwa dakika kumi. Radi alisimama karibu na rafu ya kamusi, mgongo kwenye ukuta, bega lake likifunika kona ya picha. Mkutubi alimgusa mkono ule mzima.

"Baba, samahani. Unaziba picha."

Radi alisogea hatua mbili.

Filimbi ya mwisho ilipolia Kapteni alikagua ngozi kumi zilizopigwa, akaridhika, akasimama na mkutubi mbele ya picha. Aliinua kidole hadi kwenye uso wa mpigaji wa kwanza.

"Huyu simtaki hapa," alisema. "Wageni watauliza."

"Lakini ndiye aliyekuwepo," mchoraji alisema. "Nilimwona."

"Na unga huu uliuona siku hiyo?"

Mchoraji aliinua macho kwenye nguzo ya unga.

"Nauliza tu. Siku ya tamasha unga huu uliuona?"

"Hapana. Niliuona Jumanne."

"Basi picha imeshaguswa. Kama iliweza kupokea unga wa Jumanne, itapokea na uso wa Jumamosi. Pacha amekaa pale, umemwona kwa macho yako. Au kuna kanuni nyingine?"

Mkutubi alisema kwamba kwa upande wa maktaba hakuna pingamizi, mradi unga usiguswe. Radi alikuwa hatua sita kutoka hapo. Alisikia, kwa sababu aligeuza kichwa. Alimtazama dada yake na kungoja.

Mchoraji alitazama picha, kisha karatasi zake, ambazo alikuwa amezileta ndani ya bahasha. Alizipekua hadi ya tisa. Akairudisha ndani.

"Jumatatu," alisema. "Saa tatu. Aje na kizibao."

*

Jumatatu, saa tatu na dakika mbili asubuhi, Pacha alikaa kwenye kiti katika chumba cha kusomea, mwanga ukitoka kushoto. Mchoraji alipanda ngazi. Kwanza alifunika paji la uso, kisha macho, kisha mdomo, kwa rangi ya kahawia iliyokolea. Alingoja dakika arobaini ikauke, akaanza upya juu yake. Pacha aliuliza mara moja kama Radi ameambiwa. Mchoraji alimwambia asifungue mdomo, anachora mdomo.

Wasomaji watatu waliingia, wakakaa kwenye meza ya mbali na magazeti.

"Sista, naweza kuinuka sasa?" Pacha aliuliza. "Shingo inauma."

"Bado sikio."

Saa tano na robo alimaliza sikio la kushoto.